Mikromita 88: picha ya jicho na mwendo wa ugonjwa wa MS

Mashine za OCT, zinazotumia mwanga kupiga picha ya matabaka ya nyuma ya jicho, zilizomo katika vyumba vya uchunguzi wa macho hapa kwetu hazikununuliwa kwa ajili ya wagonjwa wa ubongo. Zilinunuliwa kwa ajili ya presha ya macho na madhara ya kisukari, na hiyo ndiyo kazi zinazoifanya tangu asubuhi hadi jioni. Hata hivyo, picha ileile ambayo daktari wa macho huitumia kuamua kama matone ya presha yaongezwe au yabaki yalivyo, inaweza pia kumweleza daktari wa mishipa ya fahamu jambo ambalo vinginevyo angelazimika kulisubiri kwa miaka: kama mgonjwa wa maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao kazini tunauita MS, yumo katika kundi la watu ambao hali yao inaelekea kuzorota haraka. Mimi ni mtaalamu wa optometria katika kliniki moja ya macho jijini Dar es Salaam. Sitibu magonjwa ya neva. Kazi yangu ni kupiga picha hizi na kuziandikia taarifa, na ninaandika haya kwa sababu nimeona picha nyingi nzuri zikipotea bure, kwa kuwa hakuna aliyezihifadhi kwa ajili ya swali hilo la pili.

Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kwa asili yake ni tishu ya ubongo. Mtoto akiwa bado kiinitete tumboni, vifuko viwili huchomoza kutoka sehemu ya mbele ya ubongo unaoanza kuumbika, na hivyo ndivyo vinavyokuja kuwa retina pamoja na neva zinazoziunganisha na ubongo. Seli zinazotuhusu hapa ni seli za ganglioni, ambazo kila moja hutoa uzi mmoja mrefu. Nyuzi hizo, zipatazo milioni 1.2 kwa kila jicho, hutandaa juu ya uso wa ndani wa retina, hukusanyika kwenye kichwa cha neva, kisha hutoka nyuma ya jicho kuelekea ubongoni. Kwa watu walio wengi, nyuzi hizo huvikwa ala ya mafuta iitwayo myelini baada tu ya kutoka nje ya jicho, kwa hiyo zikiwa bado ndani ya retina huwa hazina ala yoyote. Upekee wa sehemu hii uko hapo. MRI ikionyesha kwamba tishu ya ubongo imepungua, ni vigumu kusema ni kiasi gani cha upungufu huo kinatokana na myelini, ni kiasi gani kinatokana na nyuzi zenyewe, na ni kiasi gani kilikuwa maji yaliyoingia wakati wa uvimbe na ambayo sasa yameondoka. Katika retina myelini haimo kwenye hesabu, na tabaka la nyuzi likipungua unene bila kuwa limevimba kabla, kilichopungua kwa sehemu kubwa ni nyuzi zenyewe.

Katika MS, kinga ya mwili hushambulia myelini ya ubongo, ya uti wa mgongo na ya neva ya optiki, ile inayoliunganisha jicho na ubongo, na nyuzi zilizovuliwa ala hiyo hufa, baadhi mapema na baadhi polepole kwa miaka mingi. Uzi ukikatika mahali popote kwenye neva iliyo nyuma ya jicho, kipande chake kilichomo ndani ya jicho nacho hunyauka hadi kufikia seli iliyokizaa, jambo linalochukua wiki kadhaa hadi miezi michache. Hata madhara yaliyo mbali zaidi, kwenye njia za kuona zilizomo ndani kabisa ya ubongo, huweza kuifikia retina kwa kuvuka kutoka seli moja hadi nyingine. Ndiyo maana tabaka hili hupungua hata kwenye jicho ambalo halijawahi kuugua waziwazi, na upungufu huo wa kimyakimya ndio unaobeba utabiri.

Kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya watano, MS hujitokeza kwa mara ya kwanza katika jicho. Mtu, mara nyingi mwanamke kijana, hupoteza uoni wa jicho moja katika muda wa siku chache, huhisi maumivu anapolizungusha, na akionyeshwa kizibo chekundu cha chupa ya dawa husema kwamba kwa jicho moja anakiona chekundu na kwa jingine kimepauka kama kitambaa kilichoanikwa juani msimu mzima. Baada ya kupona, wapo wanaolalamika kwamba uoni hufifia kila wanapotoka kuoga maji ya moto, hali iliyoelezwa na Wilhelm Uhthoff mwaka 1890. Katika joto la Dar es Salaam la mwezi wa Februari, kutembea hadi kituo cha daladala kunatosha. Huo ndio mchochota wa neva ya optiki. Jaribio kubwa la Marekani lililoanza kuandikisha wagonjwa wa aina hii mwaka 1988 liliwafuatilia kwa miaka 15, na likaonyesha kwamba nusu yao hatimaye walipata MS. Lakini kwa wale ambao MRI yao ya kwanza ya ubongo haikuwa na doa lolote, idadi ilikuwa asilimia 25 tu, na kwa waliokuwa na doa moja au zaidi ilifika asilimia 72. Kwa swali la nani atapata MS, basi, MRI haina mpinzani. Swali la OCT linakuja baadaye kidogo: huyu ambaye tayari anao ugonjwa, utamfikisha wapi, na kwa kasi gani?

Wazo la kuusoma ugonjwa wa ubongo katika retina ni la zamani kuliko mashine hizi. Hermann von Helmholtz alitangaza kifaa chake cha kutazamia ndani ya jicho mwaka 1851, na tangu hapo madaktari wa neva wamekuwa wakikitazama kichwa cha neva wakitafuta weupe unaoashiria kwamba nyuzi zimekufa. Mwaka 1974 Lars Frisén na William Hoyt walieleza mifereji myembamba waliyoiona kwenye tabaka la nyuzi za wagonjwa wa MS, mahali ambapo mafungu ya nyuzi yalikuwa yametoweka. Waliona, lakini hawakuwa na namna rahisi ya kupima. Namna ilipatikana mwaka 1991, pale kundi la watafiti wa MIT na washirika wao wa Boston, David Huang na James Fujimoto wakiwamo, lilipochapisha picha za kwanza za OCT katika jarida la Science. Kanuni yake inakaribiana na ya ultrasaundi, ila inatumia mwanga wa infraredi mahali pa sauti. Na kwa kuwa mwanga una kasi kubwa mno kupimika kwa saa, mashine hulinganisha mawimbi yanayorudi kutoka kwenye retina na mawimbi ya mwanga uleule yaliyorudishwa na kioo, na kutokana na jinsi yanavyokutana hutambua kila tabaka liko katika kina gani. Mwaka 1999 Vincenzo Parisi na wenzake nchini Italia wakakitumia kipimo hicho kuonyesha kwamba tabaka la nyuzi ni jembamba kwa wagonjwa wa MS waliowahi kupata mchochota wa neva ya optiki. Mashine za sasa hutenganisha matabaka kwa usahihi wa mikromita 5 hivi, wakati unywele wa mtu una unene wa mikromita 70 au zaidi.

Upigaji wenyewe hauna maumivu wala haugusi jicho. Mgonjwa huweka kidevu kwenye kishikio, paji la uso likigusa mkanda wa juu, kisha hutazama alama ndogo inayowaka ndani ya giza la lenzi wakati mimi nikitafuta kichwa cha neva kwenye skrini. "Fumbua macho, dada, usipepese, usipepese. Haya, pepesa sasa." Mwanga huzunguka kichwa cha neva katika duara lenye kipenyo cha milimita 3.4 hivi, na sekunde chache baadaye tabaka la nyuzi huonekana kama ukanda mweupe wenye vilima viwili, kimoja kwa upande wa juu wa kichwa cha neva na kingine kwa upande wa chini, ambako nyuzi ni nyingi zaidi. Picha ya pili huchukuliwa kwenye makula, kitovu cha uoni, ambako seli za ganglioni zenyewe zimejazana. Programu huchora mistari kati ya tabaka na tabaka kisha hutoa namba, na watu wengi huishia kwenye namba. Mimi huanza na mistari. Jicho likiwa kavu, au mgonjwa akiwa na mtoto wa jicho, au akiwa amechoka tu kwa kusubiri foleni tangu alfajiri, mwangwi wa mwanga hudhoofika na mstari unaopaswa kufuata chini ya tabaka la nyuzi huruka juu au huporomoka, na namba inayotoka hapo huwa haina maana yoyote ingawa imechapwa vizuri na kupakwa rangi ya kijani. Tangu mwaka 2012 vipo vigezo vya kukubali au kukataa picha za namna hii katika utafiti wa MS, vinavyojulikana kwa jina la OSCAR-IB, na sioni kwa nini kazi ya kila siku isivifuate.

Utafiti uliobadilisha mazungumzo ulichapishwa katika jarida la Lancet Neurology mwaka 2016, ukiongozwa na Elena Martínez-Lapiscina pamoja na mtandao wa watafiti uitwao IMSVISUAL. Walikusanya takwimu za wagonjwa 879 kutoka vituo vya nchi mbalimbali, wakapima tabaka la nyuzi kwenye macho ambayo hayakuwahi kupata mchochota, kisha wakafuatilia ulemavu wao kwa kipimo cha EDSS, ambacho huanzia 0 hadi 10 na ambacho kwa sehemu kubwa huangalia jinsi mtu anavyotembea. Wale waliokuwa na tabaka lenye unene wa mikromita 88 au pungufu, kwa aina moja ya mashine, au 87 au pungufu kwa aina nyingine, walikuwa na hatari ya takriban mara mbili ya kuongezeka ulemavu ndani ya mwaka wa kwanza hadi wa tatu wa ufuatiliaji, na ya karibu mara nne kati ya mwaka wa tatu na wa tano. Naomba msomaji atulie kidogo hapa. Jicho linalozungumziwa halikuwa na tatizo. Mgonjwa huyo angeweza kusoma herufi za mstari wa mwisho ukutani, na bado unene wa tabaka lake ungekuwa umebeba habari za miguu yake.

Sababu yake haihitaji miujiza. Kazi ya Shiv Saidha, Peter Calabresi na wenzao wa Johns Hopkins, iliyochapishwa mwaka 2015, iliwafuatilia wagonjwa 107 kwa miaka minne kwa OCT na MRI pamoja, na ikaonyesha kwamba kasi ya kupungua kwa tabaka la seli za ganglioni ilikwenda sambamba na kasi ya kupungua kwa ubongo, hasa sehemu yake ya kijivu. Anayepoteza nyuzi ndani ya jicho huenda anazipoteza na kwingineko. Jicho halisababishi ulemavu. Linaonyesha ni kiasi gani cha akiba ya neva kimekwisha kutumika, na mtu aliyebakiwa na akiba ndogo hana pa kuegemea shambulio jingine likija.

Mgonjwa mmoja, mwalimu wa shule ya msingi ambaye ugonjwa wake ulikuwa umethibitishwa na daktari wa neva, aliisoma taarifa yake akiwa bado amekaa mbele ya mashine, akaniuliza: "Daktari, kwa hiyo hii inasema nitatembea mpaka lini?" Tabaka lake lilikuwa chini ya 88. Nilimjibu kwamba picha haisemi hivyo, na ndivyo ilivyo. Hatari mara mbili ni sifa ya kundi. Ikiwa katika kundi lenye tabaka nene ni wachache wanaozorota katika kipindi fulani, mara mbili ya wachache bado huenda ikawa ni wachache, na wengi waliomo katika kundi lenye tabaka jembamba watapita miaka hiyo bila badiliko kubwa. Namba hiyo inamsaidia daktari wake kuamua kama aanze na dawa yenye nguvu zaidi mapema au kama avute subira kidogo. Haimpangii mwalimu kalenda. Sina hakika kwamba jibu langu lilimtosha, na nadhani kliniki za macho zinapaswa kuwa na utaratibu wa kumkabidhi mgonjwa taarifa za aina hii mbele ya daktari anayemtibu badala ya kumwachia karatasi mkononi.

Kipimo kimoja kina habari, lakini kasi ya mabadiliko ina habari zaidi, na hapo ndipo ugumu unapoanza. Mtu mwenye afya hupoteza takriban mikromita 2 za tabaka la nyuzi kwa muongo mzima kutokana na umri. Mgonjwa wa MS ambaye hajapata mchochota wa jicho hupoteza kati ya nusu mikromita na mikromita moja kwa mwaka. Sasa, nikimpiga mtu yuleyule picha mbili siku ileile kwa mashine ileile, tofauti ya mikromita moja au mbili ni jambo la kawaida kabisa. Kwa hiyo badiliko la mwaka mmoja kwa mgonjwa mmoja mara nyingi limezama ndani ya kosa la kipimo, na anayetangaza baada ya miezi kumi na miwili kwamba ugonjwa umetulia au umeshika kasi, kwa sababu ya mikromita moja, anasoma mchanga. Inahitajika miaka miwili, mitatu au zaidi, mashine ileile, duara lililowekwa mahali palepale kwa msaada wa programu inayofuata mishipa ya damu ya retina, na mpimaji anayekataa picha mbovu. Tabaka la seli za ganglioni kwenye makula hubadilikabadilika kidogo kuliko tabaka la nyuzi kati ya kipimo na kipimo, na halivimbi wakati wa shambulio, kwa hiyo watafiti wengi sasa wanalitegemea zaidi. Ikiwa kliniki ina muda wa kuchukua picha moja tu nzuri, mimi ningechagua hiyo ya makula.

Suala la uvimbe limewapoteza watu wengi. Wakati wa shambulio la mchochota, tabaka la nyuzi huweza kuvimba na kuonekana nene kuliko kawaida, na mtu asiyejua historia ya mgonjwa atafurahia namba kubwa. Uvimbe ukiisha, unene huporomoka, na kwa wastani jicho lililoshambuliwa hupoteza takriban mikromita 20 katika miezi mitatu hadi sita. Fiona Costello na wenzake nchini Kanada walionyesha mwaka 2006 kwamba jicho linaloshuka chini ya mikromita 75 hivi baada ya mchochota ndilo linalobaki na kasoro za kudumu za uoni. Huo nao ni utabiri, wa aina nyingine: unahusu jicho lenyewe, na unapatikana ndani ya nusu mwaka. Lakini jicho hilo halifai tena kutabiria ulemavu wa mwili kwa kiwango kile cha 88, kwa sababu upungufu wake umetokana na tukio moja la hapohapo. Kila taarifa ya OCT ya mgonjwa wa MS inapaswa kutaja ni jicho gani limewahi kuugua na lini. Bila hivyo msomaji anashindwa kujua anatazama kovu au mwendo.

Halafu kuna rangi. Mashine hulinganisha mgonjwa na kundi la watu wenye afya lililomo kwenye kumbukumbu yake, kisha humpaka kijani, njano au nyekundu. Makundi hayo si makubwa, na mengine yalikusanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya peke yao, ilhali unene wa tabaka la nyuzi na ukubwa wa kichwa cha neva hutofautiana kati ya jamii na jamii. Mtu mwenye jicho refu la kuona karibu tu naye hupakwa nyekundu ingawa hana ugonjwa wowote. Kinyume chake ni kibaya zaidi: mtu aliyezaliwa na mikromita 110 anaweza kupoteza 15 na bado akabaki kijani. Presha ya macho nayo huula mlo huohuo wa nyuzi, na kwa kuwa ni ugonjwa wa kawaida katika Afrika, tabaka jembamba kwa mgonjwa wa miaka hamsini linaweza kuwa na sababu mbili kwa wakati mmoja. Ulinganisho ninaouamini zaidi ni wa mtu na yeye mwenyewe, kati ya jicho lake la kulia na la kushoto, na kati ya mwaka huu na mwaka uliopita. Tofauti ya mikromita 5 au 6 za tabaka la nyuzi kati ya macho mawili, au ya mikromita 4 za tabaka la seli za ganglioni, ni dalili nzito kwamba neva moja ya optiki imewahi kujeruhiwa. Jambo hilo lilitosha kuwashawishi wataalamu walioandika upya vigezo vya McDonald vya utambuzi wa MS, vilivyotangazwa mwaka 2024 na kuchapishwa mwaka uliofuata, kuihesabu neva ya optiki kuwa eneo la tano ambalo ugonjwa unaweza kuthibitishwa, na kuikubali OCT kuwa mojawapo ya njia za kuthibitisha.

Katika ukanda wetu, ningekuwa sitendi haki kama ningezungumzia MS peke yake. Upo ugonjwa mwingine, neuromielitisi optika, uliowahi kuitwa ugonjwa wa Devic kutokana na Eugène Devic aliyeueleza mwaka 1894, na ambao kwa miaka mingi ulidhaniwa kuwa tawi la MS hadi ilipogunduliwa mwaka 2004 kwamba una kingamwili yake yenyewe, ile inayoshambulia mlango wa maji wa seli uitwao akwaporini-4. Ugonjwa huu huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta wagonjwa takriban 10 kwa kila watu 100,000 katika kisiwa cha Martinique, ambacho wakazi wake wengi wana asili hiyo, ikilinganishwa na karibu 4 katika kaunti ya Olmsted, Minnesota, yenye watu wengi weupe. Hapa OCT inasimulia hadithi tofauti. Shambulio moja tu linaweza kuangusha tabaka la nyuzi hadi karibu na mikromita 50, ambako kipimo hugota kwa sababu kilichobaki ni mishipa ya damu na seli za kushikilia, na baada ya hapo mashine haioni tena tofauti hata jicho likishambuliwa mara nyingine. Kati ya shambulio na shambulio, badiliko kwa kawaida ni dogo. Kwa hiyo kusubiri mwendo wa miaka mitatu kwa mgonjwa wa namna hii ni hatari, kwa kuwa madhara yake huja kwa mapigo na dawa inayozuia pigo linalofuata inatakiwa sasa. Kundi la tatu, la wenye kingamwili inayoshambulia MOG, protini iliyomo kwenye myelini, huja mara nyingi macho yote mawili yakiwa yamevimba vichwa vya neva, hupoteza nyuzi nyingi baadaye, na bado wengi wao huona vizuri kuliko namba zao zinavyoashiria.

Ninapoona upungufu mkubwa kupita kiasi baada ya shambulio moja, au macho mawili yaliyovimba kwa pamoja, huandika chini ya taarifa kwamba kingamwili za akwaporini-4 na MOG zipimwe kabla ya mgonjwa kuhesabiwa kuwa ana MS. Pendekezo hilo lina uzito wa kitabibu: baadhi ya dawa za MS, interferoni beta ikiwa mojawapo, huweza kuuchochea ugonjwa wa Devic. Nazo dawa za MS za aina ya fingolimodi huweza kuleta maji kwenye makula kwa wagonjwa wachache, kwa kawaida ndani ya miezi mitatu au minne ya mwanzo, kwa hiyo mgonjwa anayeanza dawa hiyo bila picha ya makula ya kabla na ya baada hajatendewa ipasavyo.

Utabiri bila dawa ungekuwa mateso tu, na hilo ni pingamizi ninalolisikia mara kwa mara kutoka kwa wenzangu: ya nini kujua ikiwa hakuna la kufanya? Pingamizi hilo lilikuwa na nguvu zaidi zamani. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza kwa mara ya kwanza dawa za MS katika orodha yake ya dawa muhimu, nazo ni kladribini, glatirama na rituksimabu. Hiyo ya mwisho imetumika kwa miaka mingi kwa saratani za damu na kwa ugonjwa wa baridi yabisi, na hutumika pia kwa ugonjwa wa Devic. Bei bado ni mzigo. Lakini pale ambapo dawa ni ghali na chache, ndipo hasa inapofaa kujua ni nani anayeihitaji mapema, na ni nani anaweza kufuatiliwa kwa utulivu zaidi. Tafiti zimeonyesha pia kwamba wagonjwa wanaotumia dawa zenye nguvu, kama natalizumabu, hupoteza tabaka la seli za ganglioni polepole kuliko wanaotumia dawa za zamani, jambo linaloashiria kwamba picha ya jicho inaweza kutumika si kutabiri tu, bali pia kukagua kama dawa inafanya kazi.

Kuhusu akili mnemba nitasema machache. Mwaka 2023 watafiti wa hospitali ya macho ya Moorfields na chuo kikuu cha UCL, London, walitangaza modeli iitwayo RETFound, iliyofundishwa kwa picha za retina zipatazo milioni 1.6, ambayo pamoja na magonjwa ya macho ilijaribiwa katika kutabiri kiharusi, moyo kushindwa kufanya kazi na ugonjwa wa Parkinson. Ni kazi ya kuvutia, na naamini mifumo ya aina hiyo itafika kwenye MS. Wasiwasi wangu ni uleule wa rangi ya kijani na nyekundu: modeli hujifunza kutokana na macho iliyoonyeshwa, na picha za wagonjwa wetu, zilizo nyingi, zimelala kwenye kompyuta ambazo kila baada ya miaka michache hufutwa ili kupata nafasi.

Hapo ndipo ninapotaka kumfikisha yeyote anayefanya kazi kama yangu. Mapema mwaka huu alikuja mgonjwa kutoka mkoani akiwa na picha ya karatasi iliyopigwa kwa simu na kutumwa kwa WhatsApp, ya kipimo alichofanyiwa miaka kadhaa nyuma katika kliniki ambayo sitaitaja. Wastani wa tabaka la nyuzi ulionekana vizuri: 96. Kipimo changu kilitoa 89. Mikromita saba ni nyingi, na kama ni za kweli zinabadilisha matibabu yake. Lakini karatasi ilikuwa imekatwa juu, aina ya mashine haikuonekana, ubora wa picha haukuonekana, na mashine za kampuni mbili tofauti zinaweza kupishana kwa mikromita kadhaa kwenye jicho moja bila mtu kupoteza uzi hata mmoja. Tulipoomba faili la awali tulijibiwa kwamba kompyuta ilibadilishwa. Ikabidi mwaka huu uwe ndio mwanzo wake.

Tangu hapo, kwa kila mgonjwa anayetumwa na daktari wa neva, au anayekuja na historia ya jicho moja kupotea na kurudi, ninahifadhi faili zima la picha nje ya mashine na kumpa nakala yake katika flashi, na kwenye taarifa ninaandika kwa maneno aina ya mashine na toleo la programu, alama ya ubora wa picha, wastani wa tabaka la nyuzi na wa tabaka la seli za ganglioni kwa kila jicho, tarehe ya kila shambulio kwa kadiri mgonjwa anavyokumbuka, na kama jicho ni refu au lina presha. Vigezo vya kimataifa vya kuripoti vipimo hivi, vinavyoitwa APOSTEL, vinadai mengi zaidi ya hayo, lakini haya yanaingia kwenye nusu ukurasa na hayachukui dakika kumi. Daktari wa neva tunayeshirikiana naye ameomba kipimo kirudiwe kila baada ya miezi kumi na miwili, na baada ya kila shambulio kirudiwe mwezi wa sita. Yule mwalimu ameshapangiwa kipimo chake cha pili, kwa mashine ileile, na safari hii daktari wake atakuwapo.